Nani Aliiua Benki ya Nyumba?

Mada kwa viongozi wa walei wa Bukoba na Muleba kuhusu haki katika mikopo ya makazi



Ndugu wapendwa, wajumbe wa Halmashauri za Walei, akina mama wa WAWATA, akina baba wa UWAKA, makatekista wetu na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, tunawashukuru kwa kuitika mwito wa Tume ya Haki na Amani. Mada tuliyopewa inahusu nyumba na deni. Wengi wenu mnaamua mashauri ya madeni karibu kila juma, mkiketi barazani na familia ambayo kibanja chake kimewekwa rehani. Kwa hiyo hatusemi na wageni wa jambo hili.

1. Benki iliyokufa na ugomvi uliobaki

Mwaka 1995 Benki ya Nyumba Tanzania, ambayo wengi waliijua kwa kifupi chake THB, ilifungwa. Ilikuwa imeanza kazi Januari 1973, miaka sita baada ya Azimio la Arusha, kwa nia iliyo njema kabisa: mfanyakazi na mkulima wapate mkopo wa muda mrefu, wajenge nyumba ya kudumu, waondokane na kupanga. Baadaye kidogo sheria ilianzisha pia mfuko wa nyumba kwa ajili ya wafanyakazi na wakulima, ambao waajiri walitakiwa kuuchangia kwa kiwango cha asilimia 2 ya mishahara. Taifa zima liliwekeza matumaini yake humo.

Baada ya miaka 22 benki hiyo haikuwepo tena. Kwa muda mrefu baada ya hapo Tanzania haikuwa na chombo chochote cha namna yake. Sheria mahsusi ya mikopo ya rehani za nyumba ilikuja mwaka 2008, na kampuni ya kuziwezesha benki kutoa mikopo hiyo, yaani TMRC, ilianzishwa mwaka 2010. Kizazi kizima kilijenga nyumba tofali moja moja, kwa mshahara wa mwezi, kwa mauzo ya kahawa, kwa msaada wa mtoto aliyeko mjini. Nyumba ambazo kuta zake zilisimama miaka kumi zikingoja mabati mnazifahamu.

Nani alisababisha haya? Swali hili lingali linagawa watu. Wazee wetu waliofanya kazi serikalini wanalijibu kwa namna moja, na wafanyabiashara kwa namna nyingine. Sisi tunaliuliza tena leo kwa sababu tunadhani namna tulivyozoea kulijibu inatufanya turudie makosa yale yale katika vyama vyetu vidogo vya kuweka na kukopa.

2. Sauti nne

Tuzisikilize sauti nne, kila moja kwa heshima yake.

Sauti ya kwanza ni ya watu wa benki. Wao husema: wakopaji hawakulipa. Mtu alichukua fedha za umma akaziona kuwa ni fungu lake katika matunda ya Uhuru. Wako waliokopa kwa jina la nyumba ya kuishi wakafanyia biashara. Wako waliojuana na wakubwa, na hakuna karani aliyethubutu kuwaandikia barua ya kuwadai.

Sauti ya pili ni ya wakopaji wenyewe. Nao husema: tulilipa kadiri tulivyoweza. Mshahara ulibaki pale pale huku bei zikipanda kila siku. Saruji iliadimika, hasa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ya kwetu Kagera ilitakiwa isafirishwe hadi Mwanza, kisha ivuke ziwa. Mkopo uliokadiriwa kujenga nyumba nzima uliishia kwenye lenta. Mtu aliye na kuta bila paa hawezi kuhamia, wala kupangisha, wala kuuza. Anabaki na deni na pango la nyumba anakoishi.

Sauti ya tatu inaielekea Serikali. Inaanza mwaka 1971, sheria ilipotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani kubwa. Mwenye fedha zake akaogopa kujenga, na mzigo wote wa makazi ukawaelemea Serikali na mashirika yake. Kisha riba ikapangwa kwa amri, chini ya kiwango cha kupanda kwa bei, na mikopo ikatolewa kwa maelekezo. Mwaka 1988 iliundwa Tume ya Rais kuchunguza mfumo wa fedha, chini ya Charles Nyirabu, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu. Kazi ya Tume hiyo ndiyo iliyofungua njia ya Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 1991, iliyoruhusu benki binafsi na kutaka kila benki isimame kwa miguu yake. Benki ya Nyumba haikuweza.

Sauti ya nne inanyosha kidole nje ya nchi. Inakumbusha kupanda kwa bei ya mafuta, vita, na bei duni ya mazao yetu. Inakumbusha mvutano na Shirika la Fedha la Kimataifa, uliofanya Waziri wa Fedha Edwin Mtei ajiuzulu mwaka 1979, na mapatano ya mwaka 1986 yaliyofuatwa na kushushwa kwa thamani ya shilingi mara nyingi. Sauti hii inauliza: benki ya maskini ingewezaje kuishi chini ya masharti yaliyoandikwa na matajiri?

Ndugu zangu, ugomvi wa namna hii haukuishia kwetu. Marekani nayo ilipata msiba mkubwa wa mikopo ya nyumba katika miaka ya 2007 na 2008, na mamilioni ya familia wakapoteza nyumba zao. Iliundwa tume yenye wajumbe kumi. Ilipotoa taarifa mwaka 2011, wajumbe sita walilaumu hasa uzembe wa wasimamizi na tamaa ya mabenki. Watatu wakasema sababu zilikuwa nyingi na nyingine zilitoka nje ya nchi. Mmoja akaandika peke yake kwamba kosa kuu lilikuwa sera ya makazi ya serikali. Ikiwa nchi yenye wataalamu wengi kiasi hicho ilimaliza uchunguzi bila kauli moja, tusishangae kwamba sisi bado tunabishana.

3. Asiyetajwa

Sasa tuwaombe mtazame kwa makini. Katika sauti zote nne, ni nani hakutajwa? Hakutajwa mwenye akiba. Fedha ambazo benki ilikopesha zilikuwa na wenyewe: mwalimu aliyeweka kidogo kila mwisho wa mwezi, muuguzi, mzee aliyeuza kahawa akaogopa kuweka noti chini ya godoro.

Tufanye hesabu nyepesi. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1980 bei nchini zilipanda kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka. Bei zikipanda kwa kiwango hicho kwa miaka mitano, kitu kilichouzwa shilingi 1,000 kitauzwa zaidi ya shilingi 3,700. Yaani shilingi 1,000 yenyewe inabaki na nguvu ya kununua kama shilingi 270 za mwanzo. Riba ikiwa chini sana ya upandaji huo wa bei, mwenye akiba anarudishiwa noti nyingi zaidi zenye thamani ndogo zaidi. Mkopaji naye, hata akilipa kila senti, anarudisha kitu pungufu ya alichochukua. Na yule aliyekopa nyingi zaidi ndiye aliyepata faida kubwa zaidi.

Hapa ndipo haki ilipovunjika. Mali ilihama kimyakimya kutoka kwa wanyonge wengi waliojinyima kwenda kwa wachache waliopata mkopo. Hakuna aliyevunja mlango. Hakuna aliyeiba usiku. Kila mmoja alifuata kanuni iliyokuwapo, na waliokuwa na uwezo wa kuibadili hawakuwa na haraka, kwa sababu wengi wao walikuwa upande wa kupokea.

Nani walipata mkopo? Benki huomba dhamana, na dhamana ya nyumba ni kiwanja kilichopimwa, chenye hati. Viwanja hivyo vilikuwa mjini. Mkulima wa Muleba mwenye kibanja cha migomba na kahawa alichorithi kwa babu hakuwa na hati, na ardhi ya ukoo haikuwekwa rehani bila ridhaa ya ukoo. Aliweza kuweka akiba lakini hakuweza kukopa. Hivyo hata nia njema ya mwaka 1973, iliyomtaja mkulima kwa jina, ilimfikia mkulima kwa shida sana.

4. Kagera na mizigo yake

Mkoa wetu ulibeba zaidi ya sehemu yake. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia ardhi iliyoko kaskazini ya Mto Kagera, yakabomoa na kupora. Vita vilipokwisha mwaka 1979 nchi nzima iliambiwa ifunge mkanda. Vyama vikuu vya ushirika, vilivyokuwa tegemeo la mkulima wa kahawa, vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, vikarudishwa katika miaka ya 1980 vikiwa dhaifu. Julai 1989 mpango wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulisimamishwa, na bei ikaporomoka. Na tangu mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa katika mkoa huu, mauti yaliingia katika nyumba zetu na kuchagua watu wa umri wa kufanya kazi, ndio hao wenye mishahara na madeni.

Fikirini basi: mkopo unakatwa katika mshahara, mwenye mshahara anafariki, anabaki mjane, au bibi kizee na wajukuu. Je, hao nao tuwaite wakopaji wasio waaminifu? Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwetu methali hii ilitimia kwa maneno yake yenyewe.

5. Mwanga wa Maandiko na mafundisho ya Kanisa

Katika sura ya tatu ya kitabu cha Mwanzo, Mungu anapouliza, Adamu anamtaja mwanamke na mwanamke anamtaja nyoka. Angalieni kwamba hakuna aliyesema uongo. Mwanamke alimpa tunda kweli, na nyoka alidanganya kweli. Kila mmoja alisema ukweli kuhusu mwenzake ili asiseme ukweli kuhusu nafsi yake. Hivyo ndivyo zinavyofanya sauti zetu nne.

Nehemia alionyesha njia nyingine. Katika sura ya tano ya kitabu chake, watu walilia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao wapate nafaka wakati wa njaa, na kwamba wamekopa ili walipe kodi ya mfalme. Nehemia alikasirika, kisha akatafakari, kisha akawaita wakubwa mbele ya mkutano. Hakusahau kusema kwamba yeye na watumishi wake nao walikuwa wakikopesha. Akadai mashamba na nyumba virudishwe, na riba iachwe. Tazameni mpangilio: aliwaanza wenye nguvu, hakujitoa mwenyewe katika hesabu, na hakumaliza kwa lawama bali kwa kurudisha.

Torati nayo ilimwekea mdai mipaka. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 linakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa maana huko ni kuchukua uhai wa mtu. Tena linamtaka mdai asimame nje, asiingie nyumbani mwa mdaiwa kujichukulia rehani. Walawi sura ya 25 inatofautisha nyumba ya mji wenye ukuta na nyumba ya kijijini: ya kijijini ilihesabiwa pamoja na shamba, na katika Yubilei ilirudi kwa mwenyewe. Mungu alijua kwamba nyumba ya mkulima na shamba lake ni kitu kimoja. Mhaya ambaye wazazi wake wamezikwa kibanjani hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kanisa limeendeleza mafundisho hayo. Desemba 1987 Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa waraka unaouliza tumemfanyia nini ndugu yetu asiye na makazi, na kufundisha kwamba ukosefu wa makazi ni tatizo la mfumo mzima wa jamii, wala si bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja. Mwezi huo huo Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Sollicitudo Rei Socialis, alieleza miundo ya dhambi: mipango na taratibu zinazozaa dhuluma, ambazo chanzo chake ni dhambi za watu halisi, zikajengeka mpaka zikaonekana kuwa hali ya kawaida.

Kutokana na hayo tunajibu swali letu hivi. Benki ya Nyumba haikuuawa na mmoja. Lakini tukisema kwamba wote walihusika tukaishia hapo, tutakuwa tumewafunika wakubwa kwa blanketi la wadogo. Wajibu hupimwa kwa vipimo viwili: uwezo na ujuzi. Aliyepanga riba akijua bei zinavyopanda ana deni kubwa kuliko mwalimu aliyechelewesha marejesho. Kigogo aliyekopa akijua hatadaiwa ana deni kubwa kuliko mjane aliyerithi barua ya benki. Matajiri wa dunia waliopanga masharti wana sehemu yao, nasi hatuwezi kuitumia sehemu hiyo kufuta ya kwetu. Na kila mhusika ahesabiwe kwanza mbele ya yule aliyesahaulika, yaani mwenye akiba ndogo.

6. Yanayotupasa leo

Msidhani tunasimulia historia tu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilitikisa mkoa wetu, likaua watu na kuharibu maelfu ya nyumba. Mapema mwaka 2017 Serikali ilieleza kwamba haina uwezo wa kumjengea nyumba kila aliyepatwa. Watu wakaanza tena kukopa. Leo mikopo imesogea hadi mlangoni, na ile iliyo mikali watu wameipa jina la kausha damu. Hesabu yake ni hii: mtu akikopa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na akamudu kulipa riba peke yake, mwisho wa mwaka ametoa shilingi 720,000 na bado anadaiwa zile 300,000. Wakati wa Benki ya Nyumba aliumia mwenye akiba. Katika kausha damu anaumia mkopaji. Anayeumia ni mnyonge yule yule, amebadilishiwa kiti tu.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa walei mshike mambo haya matano.

Kwanza, katika SACCOS na VICOBA vyetu, orodha ya mikopo mikubwa na hali ya marejesho yake isomwe mbele ya wanachama wote, ikianza na mikopo ya viongozi. Mwenyekiti asiyedaiwa hadharani ataua chama kama vigogo walivyosaidia kuua benki.

Pili, mjue anayewakopesha ni nani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na vikundi viwe vimesajiliwa. Muulizeni aonyeshe karatasi kabla ya kutia sahihi.

Tatu, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 zinalinda jambo hili. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, katika shauri lililotoka mkoani kwetu, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki sawa na mwanamume juu ya kuuza ardhi ya ukoo. Ridhaa ya mama itafutwe kwa mazungumzo, isitafutwe kwa kumshikisha kalamu.

Nne, deni halali lilipwe. Kusema kwamba mkopeshaji ni tajiri, au ni wa Serikali, au ni wa Kanisa, hakumwondolei mkopaji wajibu. Fedha hizo zina wenyewe wasioonekana.

Tano, mwenye kushindwa kulipa asikimbie wala asifichwe. Kwa rehani ya nyumba sheria inataka apewe notisi ya maandishi, na siku 60 zipite kabla mkopeshaji hajachukua hatua ya kuuza. Siku hizo zitumike. Mpelekeni kwa mkopeshaji mkiwa wawili au watatu, muombe muda, mpange upya marejesho. Jumuiya inayochangia jeneza inaweza pia kuchangia rejesho la miezi miwili.

Ndugu wapendwa, hatutazamii kwamba ugomvi wa mwaka 1995 utamalizika katika mkutano huu. Waliofanya maamuzi wengi wao wamekwisha kwenda mbele ya Hakimu wa haki. Sisi tulio hai tunayo madaftari yetu ya vyama mezani, tena yako wazi. Tuyasome kwa macho ya yule aliyeleta shilingi elfu mbili Jumapili iliyopita akaamini kwamba zitatunzwa.



Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Katika kijiji chetu, nani hupata mikopo kwa urahisi, na fedha hizo zimetoka kwa nani?

2. Je, kuna familia jirani inayoogopa kupoteza nyumba au kibanja kwa sababu ya deni? Jumuiya imechukua hatua gani?

3. Chama chetu cha kuweka na kukopa kinapopata hasara, sisi huanza kumlaumu nani? Wenye uwezo na ujuzi zaidi wanahesabiwaje?

4. Someni Nehemia sura ya 5. Ni kitu gani ambacho sisi tunaweza kurudisha?